Anne Sullivan, Mwalimu wa Mtoto Mmoja

Katika vyuo vyetu vya ualimu jina la Helen Keller hutajwa mara kwa mara, hasa inapowadia mada ya elimu maalumu. Kila mwanachuo huelezwa kwamba alikuwa mtoto asiyeona wala kusikia, naye akasoma hata akahitimu chuo kikuu. Jina la mwalimu wake hutajwa kwa sentensi moja, kisha mkufunzi huendelea na mada nyingine. Nakiri kwamba nami nimefundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Lakini kwa mtu anayejiandaa kufundisha shule ya msingi, maisha ya mwalimu yule yana mengi ya kutazamwa kuliko hata yale ya mwanafunzi wake, maana kila mmoja wetu, siku moja, atamkuta darasani mtoto ambaye njia za kawaida za kufundisha hazimfikii.

Mimi nilimkuta mtoto wa namna hiyo katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Alikuwa msichana wa darasa la tatu, mpole, aliyekaa dawati la nyuma na ambaye hakujibu swali lolote. Katika sehemu ya tathmini ya andalio langu la somo niliandika kuwa ni mzito wa kuelewa. Ilipita mihula miwili kabla bibi yake hajafika shuleni kunieleza kwamba mjukuu wake hasikii vizuri tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Mihula miwili ni mingi katika maisha ya mtoto. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za walimu waliowahi kukabiliwa na kazi kama hiyo, na Anne Sullivan ndiye niliyemrudia mara nyingi kuliko wengine.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866 katika kijiji cha Feeding Hills, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa maskini waliohama kutoka Ayalandi. Baba alikuwa kibarua wa mashambani na mlevi, mama alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Anne alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi alishikwa na trakoma, ugonjwa wa macho ambao sisi huuita vikope. Walimu waliofundisha Kongwa na sehemu nyingine za Dodoma wanaufahamu. Ugonjwa huo huenezwa kwa mikono michafu, nguo za kujifutia uso na nzi watuao machoni. Usipotibiwa, ngozi ya ndani ya kope hufanya makovu, kope zikageukia ndani na kuikwaruza mboni kila mtoto apepesapo jicho. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kuuponya. Anne akawa anaona kama mtu anayetazama kupitia ukungu mzito.

Mama yake alifariki mwaka 1874, na baba akashindwa kuwalea watoto. Tarehe 22 Februari 1876 Anne, akiwa na miaka tisa, na mdogo wake Jimmie aliyekuwa na ugonjwa wa nyonga, walipelekwa katika nyumba ya maskini ya Tewksbury. Humo waliwekwa pamoja wazee wasio na watu, wagonjwa wa akili, wanawake waliotupwa na jamaa zao, na wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Jimmie alifariki baada ya miezi michache tu. Anne alibaki humo kwa zaidi ya miaka minne bila shule yoyote. Ni kutoka kwa wakazi wa nyumba hiyo ndipo alipopata kusikia kuwa zipo shule za watu wasioona. Mwaka 1880 wakaguzi wa serikali ya jimbo walipokuja kutazama hali ya nyumba, binti huyo aliwafuata toka wodi hadi wodi, na walipokuwa karibu kuondoka alijitupa mbele yao akilia kwamba anataka kusoma. Akasikilizwa.

Tarehe 7 Oktoba 1880 aliingia katika Taasisi ya Perkins mjini Boston, shule ya wasioona iliyofunguliwa mwaka 1832. Alikuwa na miaka kumi na minne, hajui kuandika hata jina lake, naye akaketishwa na watoto wadogo waliomcheka. Wenzetu waliofundisha wanafunzi waliozidi umri wa darasa lao wanaijua aibu hiyo na hasira inayotokana nayo. Anne alikuwa na hasira nyingi. Aligombana na walimu, akavunja kanuni za bweni, na nusura afukuzwe. Aliokolewa na walimu wawili watatu waliotambua kwamba ukali ule ulificha akili ya kutaka kujua kila kitu. Hali kadhalika macho yake yalipasuliwa zaidi ya mara moja, akaanza kuweza kusoma maandishi ya kawaida, ingawa kwa taabu na kwa muda mfupi. Mwaka 1886 alihitimu akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Kuna jambo moja la miaka hiyo ambalo hatuna budi kulitazama vizuri. Katika shule ya Perkins aliishi Laura Bridgman, mwanamke ambaye alipoteza kuona na kusikia akiwa na miaka miwili. Aliletwa hapo mwaka 1837, na mkurugenzi wa kwanza wa shule, Daktari Samuel Gridley Howe, akamfundisha lugha. Howe alibandika vijikaratasi vyenye herufi za mwinuko juu ya vitu vya kila siku kama kijiko na ufunguo, akamwacha Laura apapase kitu na jina lake pamoja, siku baada ya siku, mpaka alipotambua kuwa alama zile ni majina. Baadaye alimfundisha alfabeti ya vidole, ambamo kila herufi ina umbo lake la vidole, na msemaji huitia herufi moja moja katika kiganja cha mwenziwe. Wasichana wa Perkins walijifunza alfabeti hiyo ili wapate kuzungumza na Laura. Anne naye alijifunza. Hakudhani kuwa anajipatia kazi ya maisha yake. Alikuwa akipiga soga na bibi mpweke wa bwenini.

Mwaka huohuo wa kuhitimu ilifika Perkins barua kutoka kwa Kapteni Arthur Keller wa mji wa Tuscumbia, jimbo la Alabama. Binti yake Helen, aliyezaliwa tarehe 27 Juni 1880, alipoteza kuona na kusikia kutokana na homa kali alipokuwa na umri wa miezi kumi na tisa, naye alitaka mwalimu. Mkurugenzi, Michael Anagnos, alimpendekeza Anne. Hakuwa na cheti cha ualimu. Alichofanya ni kutumia miezi iliyobakia kuzisoma taarifa zote za Daktari Howe kuhusu Laura, ukurasa kwa ukurasa, kwa macho yale yaliyokuwa yakimuuma. Mshahara wake ulikuwa dola 25 kwa mwezi pamoja na chakula na malazi.

Alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887, akiwa bado hajatimiza miaka ishirini na mmoja. Mtoto aliyemkuta alikuwa na nguvu, afya njema, na hakuzoea kuzuiwa na mtu. Familia yake ilimhurumia, na kwa huruma hiyo ilimwachia kila alitakalo. Wakati wa chakula alizunguka meza akichota kwa mikono katika sahani za wote. Katika siku za mwanzo alimfungia mwalimu chumbani kwa ufunguo, akauficha, na Kapteni Keller akalazimika kuleta ngazi ili kumtoa mgeni wake kupitia dirishani.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Helen alikuwa kama ubao usioandikwa kitu. Alikuwa ametunga mwenyewe ishara zipatazo sitini. Akitaka mkate alifanya ishara ya kukata na kupaka siagi. Akitaka mama yake alikuwa na ishara yake. Alijua kukunja nguo na kutofautisha zake na za wengine. Anne aliyaona hayo upesi. Aliona kwamba mtoto ana mengi ya kusema, na kwamba ghadhabu zake nyingi zilikuja pale ishara zilipomwishia.

Pambano la kwanza lilikuwa mezani. Anne aliwatoa watu wote chumbani, akafunga mlango, na kwa muda mrefu wa asubuhi hiyo mwalimu na mwanafunzi walishindana mpaka Helen akala kwa kijiko na kukunja kitambaa chake. Baadaye Anne aliomba ruhusa ya kukaa naye peke yao katika nyumba ndogo iliyokuwa karibu na nyumba kubwa, kwa muda wa majuma mawili hivi, ili mtoto asipate wa kumkimbilia. Waandishi wengi husifu ushindi huo. Mimi naukubali kwa nusu. Ni kweli kwamba mtoto aliyeachwa afanye atakavyo hawezi kufundishwa, na ni kweli kwamba huruma ya namna ile ilikuwa imemfungia Helen mlango wa kujifunza. Lakini mwanachuo asitoke hapa na fikra kwamba mtoto mwenye ulemavu ashindwe nguvu kwanza ndipo afundishwe. Nguvu ilimkalisha Helen kitini. Haikumfundisha neno hata moja. Anne mwenyewe, katika barua alizomwandikia Sophia Hopkins, aliyekuwa mlezi wa bweni lake kule Perkins, hakuonyesha kuifurahia sehemu hiyo ya kazi.

Maneno yalianza siku ya kwanza. Anne alileta mwanasesere, zawadi ya watoto wa Perkins, ambaye nguo zake zilishonwa na Laura Bridgman. Alimpa Helen, kisha akamtilia kiganjani herufi za jina lake kwa Kiingereza. Helen aliziiga sawasawa. Ikafuata keki, kisha vitu vingine. Mwisho wa mwezi Machi alijua majina kumi na manane na vitenzi vitatu. Lakini kujua huku kulikuwa kwa kuiga tu. Vidole vilicheza mchezo ambao maana yake haikufahamika. Tunao watoto wa darasa la kwanza wanaoghani ba, be, bi, bo, bu kwa sauti nzuri kabisa, na ukiwawekea neno baba mbele yao hawalitambui. Mwalimu akaguaye masikio tu atadhani wamesoma. Anne hakudanganyika. Aliona kwamba Helen anachanganya jina la kikombe na jina la kinywaji kilichomo, na kwamba kurudiarudia somo lilelile hakusaidii kitu.

Asubuhi ya tarehe 5 Aprili Helen alipokuwa akinawa alitaka kujua jina la maji. Anne akamtilia neno kiganjani, kisha likamjia wazo. Akamchukua hadi kwenye pampu ya kisima, akampa kikombe akishike chini ya mdomo wa pampu, naye akaanza kupampu. Maji baridi yalipofurika kikombe na kumiminika mkononi, aliandika neno maji katika mkono wa pili. Helen akadondosha kikombe, akasimama kimya. Akalirudia neno mara kadhaa. Akainama na kuuliza jina la ardhi, akaonyesha pampu, akaonyesha ua wa mbao, kisha akageuka ghafla na kuuliza jina la mtu aliyekuwa naye. Anne akamwandikia: mwalimu. Hadi jioni alikuwa ameongeza maneno thelathini.

Kisa hicho kinajulikana duniani kote, kimetungiwa tamthilia na filamu, na husimuliwa kama muujiza. Kwa mwalimu, mambo mawili yanapotea katika masimulizi hayo. La kwanza ni kwamba mtoto ndiye aliyeuliza. Mwezi mzima mwalimu alikuwa akitoa majina. Siku ile mwanafunzi aliomba jina, na mwalimu alikuwa macho kiasi cha kuacha chochote alichopanga na kulifuata ombi hilo hadi kisimani. La pili ni kwamba zana ya kufundishia ilikuwa maji yenyewe, tena yanayotiririka, wala si picha au mfano wake.

Yaliyofuata pampu ndiyo yanayonivutia zaidi, japo hayasimuliwi sana. Anne alikuwa amekuja na ratiba. Kulikuwa na saa ya kutunga shanga, saa ya kadi za kushonea, saa ya maneno mapya. Siku chache baada ya pampu alipata nafasi ya kumtazama binamu ya Helen, mtoto wa miezi kumi na mitano. Mtoto yule alikuwa hajaweza kusema ila neno moja moja, na bado alielewa aliyoambiwa: akiulizwa pua iko wapi aligusa pua, akiambiwa funga mlango aliufunga. Hakuna aliyempangia somo la pua wala la mlango. Alizungukwa na lugha kamili tangu kuzaliwa, akaipokea kwa muda mrefu kabla ya kuitoa. Anne akajiuliza kwa nini Helen apewe neno moja moja kama dawa ya kijiko. Akaamua kuzungumza kiganjani mwake kama watu wazungumzavyo masikioni mwa mtoto mchanga: kwa sentensi nzima, juu ya jambo linalotendeka wakati huohuo, akijazia kwa ishara pale inapobidi, bila kumdai ayarudie. Ratiba ikawekwa kando. Shanga na kadi pia, isipokuwa kwa hesabu, somo ambalo Helen hakulipenda kamwe.

Hapa ndipo alipompita Daktari Howe. Howe alivumbua mlango. Anne aligundua kwamba lugha yenyewe haina masomo ya pekee kwa watoto wenye ulemavu. Lugha ile ile wanayopata wengine kwa sikio, Helen alipaswa kuipata kwa kiganja, kwa wingi uleule na kwa maana ileile. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo alijua maneno 625.

Masomo mengi yalifanyika nje. Walitembea hadi gati bovu kando ya mto Tennessee, na huko Helen alijenga mabwawa kwa kokoto, akachimba mito na maziwa, asijue kuwa anasoma jiografia. Anne alimfinyangia ramani za udongo zenye milima na mabonde ya kupapaswa. Viluwiluwi waliwekwa katika bakuli la kioo, na Helen aliingiza mkono ili wapite katikati ya vidole vyake. Msomaji ataona kwamba hakuna kati ya zana hizo iliyohitaji fedha. Udongo, kokoto na bakuli havikosekani katika shule yetu yoyote, na tena mtoto anayeona hufaidika navyo sawa na yule asiyeona.

Mwaka 1888 mwalimu na mwanafunzi walikwenda Boston, na kwa miaka kadhaa wakawa wageni wa Perkins. Mwaka 1890 Helen alipelekwa kwa Sarah Fuller, mwalimu wa viziwi, ili ajifunze kusema kwa mdomo. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii maisha yake yote, na bado sauti yake haikupata kueleweka kwa urahisi na wageni. Zama hizo walimu wengi mashuhuri waliamini kuwa kiziwi asiyesema kwa mdomo hajaelimika; ni imani iliyowanyima viziwi wengi lugha ya alama, na iliyokuja kuonekana kuwa ya makosa.

Mwaka 1892 likatokea jambo chungu. Helen, akiwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa amemwandikia Anagnos hadithi kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Hadithi ilichapishwa, kisha ikagundulika kuwa inafanana mno na ile iliyokuwa imetungwa zamani na Margaret Canby. Ilibainika kwamba Helen alisomewa hadithi ya Canby kiganjani katika majira ya joto ya 1888, nyumbani kwa Bibi Hopkins, wakati Anne hayupo. Naye aliisahau asili yake akabaki na maneno. Liliundwa baraza la watu wanane pale Perkins, mwalimu akatolewa nje ya chumba, na mtoto akahojiwa peke yake. Wanne walimwona ana hatia, wanne wakamwona hana, na Anagnos akaamua kwa upande wake, ingawa baadaye alibadili mawazo. Helen hakutunga tena hadithi ya kubuni. Kuhoji mtoto wa umri huo kwa namna ile lilikuwa kosa, na sioni namna ya kulitetea. Lakini kisa chenyewe kiliacha swali ambalo kila mwalimu wa elimu maalumu hukutana nalo: mtoto anapopokea dunia nzima kupitia mkono wa mtu mwingine, ni kipi chake na ni kipi cha mwalimu?

Swali hilo liliwafuata hadi darasani. Mwaka 1896 Helen alijiunga na shule ya wasichana huko Cambridge, Massachusetts, ili kujiandaa kwa chuo kikuu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma darasa moja na wasichana wanaoona na kusikia. Anne aliketi kando yake katika kila kipindi, akimtilia kiganjani maneno ya mwalimu wa somo, kwani kati ya walimu wote ni mkuu wa shule, Arthur Gilman, na mwalimu wa Kijerumani tu waliojifunza alfabeti ya vidole. Helen hakuweza kuandika madokezo, maana mkono wake ulikuwa kazini ukisikiliza. Jioni Anne alitafuta maneno katika kamusi na kumsomea vitabu ambavyo havikuwapo katika nukta nundu. Mwaka 1897 Gilman aliona kuwa Helen analemewa na masomo, akajaribu kumtenga na Anne. Mama yake Helen aliposikia alikuja akawaondoa binti zake wote wawili shuleni, na Helen akaendelea kusoma na mwalimu wa nyumbani.

Mwaka 1900 aliingia Chuo cha Radcliffe. Kazi ya Anne ikawa ileile, ila nzito zaidi: mihadhara ya Kifaransa, Kijerumani, historia na fasihi, yote kupitia vidole, na baada ya mihadhara saa nyingi za kusoma kwa macho ambayo daktari alikwisha mwonya kuwa yanakufa. Wakati wa mitihani Anne hakuruhusiwa kuwapo, ili pasiwe na shaka juu ya majibu. Kati ya maprofesa ni mmoja, William Allan Neilson, aliyejifunza alfabeti ya vidole akaweza kuzungumza na Helen mwenyewe.

Nimelifikiria sana jambo hilo la profesa mmoja. Tunaposema mwalimu wa elimu maalumu darasani, mara nyingi tunamfikiria mtu wa namna ya Anne, anayekaa pembeni mwa mtoto na kutubebea mzigo. Kwetu Tanzania walimu hao wapo, na Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kimewaandaa wengi. Shule ya Buigiri, Dodoma, imefundisha watoto wasioona tangu mwaka 1950. Lakini hawatoshi, na mwanachuo anayesoma makala haya huenda akapangiwa shule ambayo hana hata mmoja wa kumwuliza. Hata pale anapokuwapo, ikiwa mwalimu wa somo hajui hata herufi tano za mtoto, basi mtoto yumo darasani kwa mwili tu. Aliye mwanafunzi ni yule aketiye kando yake. Anne alifanya kazi yake na ya wengine pamoja kwa sababu wengine hawakujifunza lolote, na gharama ya hilo ilikuwa macho yake. Profesa Neilson hakuwa mtaalamu wa viziwi. Alijifunza herufi ishirini na sita.

Helen alihitimu mwaka 1904 kwa heshima, na Anne alipanda naye jukwaani. Hakuna aliyefikiria kumpa Anne shahada, ingawa mihadhara yote ilikuwa imepita mkononi mwake. Mwaka mmoja kabla ya hapo Helen alikuwa amechapisha habari za maisha yake, na ndani ya kitabu hicho zilitiwa barua za Anne za mwaka 1887. Barua hizo ndizo zilizotuachia habari za mbinu zake, maana mwenyewe hakuandika kitabu chochote cha ualimu.

Miaka iliyobaki nitaipitia upesi. Mwaka 1905 aliolewa na John Macy, mwalimu na mhariri aliyewasaidia kukiandaa kitabu hicho. Ndoa ilivunjika kufikia mwaka 1914, ingawa hawakupeana talaka. Mwaka huo waliajiri msaidizi, Polly Thomson kutoka Uskochi. Walitembea miji mingi wakihutubia, na kwa sababu ya kukosa fedha walipanda hata majukwaa ya maonyesho ya burudani kuanzia mwaka 1920. Kuanzia mwaka 1924 walifanya kazi na Taasisi ya Marekani ya Wasioona. Jicho lake la kulia liliondolewa mwaka 1929. Chuo Kikuu cha Temple kilitaka kumpa shahada ya heshima, akaikataa kwanza, akaipokea mwaka 1932. Mwishoni mwa maisha yake alikuwa haoni kabisa, na yule aliyeongozwa naye kwa miaka karibu hamsini ndiye aliyemshika mkono. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1936 mjini New York akiwa na miaka sabini, na majivu yake yakawekwa katika Kanisa Kuu la Kitaifa la Washington.

Polly Thomson ndiye aliyeshika kazi ya kumtilia Helen maneno kiganjani. Wako waliosema kuwa bila Anne, Helen hatakuwa na la kusema. Aliishi miaka thelathini na miwili zaidi, akatembelea nchi nyingi akidai shule kwa ajili ya vipofu na viziwi, akaendelea kuandika. Alikuwa akiandika kitabu juu ya Anne wakati nyumba yake ilipoungua mwaka 1946, na maandiko yote yakateketea pamoja na barua na kumbukumbu za miaka mingi. Akaanza upya kwenye mashine yake ya kuchapa. Kitabu kilitoka mwaka 1955, na jina alilokipa ni lile aliloandikiwa kiganjani pale kisimani alipouliza ni nani aliyekuwa naye.